Paka wangu anajilamba tumbo hadi limebaki kipara, na kila mtu ananiambia ni stresi ya kuhama

mama_kitinda_ksm

Hamjambo wapenzi wa paka. Naomba mnisaidie maana nimefika mwisho wa akili yangu.

Niko Kisumu upande wa Mamboleo, tulihamia huku miezi mitatu iliyopita kutoka Nakuru, tulikuwa Lanet, mzee akahamishwa kazi ikabidi tufunge virago na paka wetu. Anaitwa Nyota, wa kike, miaka minne, amefungwa kizazi, wa rangi ya majivu na mistari. Nakuru hakuwahi kuwa na shida yoyote. Hapa kama wiki ya tatu hivi akaanza kujilamba. Najua paka hujilamba, ni kuoga kwao huko, lakini huyu analamba tumbo na ndani ya mapaja mpaka usiku nikiwa kitandani nasikia ile sauti ya ulimi, krr krr krr, inaenda nusu saa. Saa zingine amelala fofofo halafu anashtuka kama amechomwa na kitu, anageuka haraka anauma mgongo hapo juu ya mkia, kisha anarudi kwa tumbo. Saa hii tumbo lote ni kipara, ngozi laini tu ya pinki, hakuna kidonda, ila paja moja kuna kamstari kekundu ambako juzi kalikuwa na unyevu.

Nilimpeleka kwa mtu wa mifugo, hakumpekua sana, akasema ni stresi ya kuhama akamdunga sindano moja. Kweli alitulia kama siku kumi na mbili nikamshukuru Mungu, halafu ikarudi na nguvu kuliko mwanzo.

Viroboto hana, nimemwangalia mara nyingi na sijaona hata mmoja, na ni paka wa ndani hatoki nje kabisa. Chakula ni kile kile, omena na ugali kidogo, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha ikipatikana. Mzee anasema nimrudishe kwa dadangu Nakuru azoee kwao lakini kitinda mimba wangu akisikia hivyo analia, na huyo naye ni maskini maana mbu wa huku wamemwuma miguu yote hadi anajikuna usiku na yeye, yaani nyumba nzima hakuna anayelala. Mnaonaje? Ni stresi kweli? Itaisha lini?

---

akoth_na_paka3

Pole sana dada. Paka huzoea nyumba kuliko mtu, wangu pia tulipohama kutoka Kondele alikaa chini ya kitanda wiki mbili hataki hata kula. Mpe muda, mfungie chumba kimoja kwanza na nguo zako zenye harufu yako, atazoea.

---

wekesa_wa_bungoma

Mama kitinda kabla hujasikia mambo mengi nakuomba kitu kimoja tu, mtu yeyote akikuambia umpake dawa ya kuogeshea ng'ombe usikubali. Nakwambia kwa sababu mimi nilifanya.

Mwaka juzi paka wetu alikuwa na viroboto, nikaenda agroveti moja hapa, duka la dawa za mifugo, nikaeleza, kijana akanichanganyia kidogo ile ya kupe akasema weka maji mengi haina shida. Nikamwosha jioni. Saa tatu usiku masikio yakaanza kutetemeka, halafu ngozi yote ya mgongo, halafu mwili mzima akaanguka upande anatetemeka hivyo hivyo na mate yanatoka, na watoto wanaangalia. Sikujua hata ningemwosha tena kwa sabuni ya kuoshea vyombo niitoe ile dawa, hakuna mtu aliniambia. Alikufa kabla ya asubuhi. Mpaka leo nikipita kwa hilo duka najisikia vibaya.

Baadaye daktari wa kaunti alikuja kuchanja ng'ombe nikamuuliza, akaniambia mbwa na ng'ombe wanavumilia hizo dawa lakini ini la paka halina njia ya kuzivunja, zinabaki mwilini zinapiga neva. Na akasema hata zile za mbwa za kudondoshea mgongoni ni hivyo hivyo, ukiona kwa lebo permethrin, cypermethrin, deltamethrin, chochote kinachoishia hivyo, weka chini. Unga wa kupulizia mboga pia hapana. Na mafuta taa hapana, paka anayejilamba hivyo yote ataimeza.

Samahani sijajibu swali lako, lakini nisingelala bila kuandika.

---

mama_kitinda_ksm

Pole sana ndugu Wekesa, asante kwa kuniambia. Jirani alikuwa ashanitajia hiyo ya kupe kusema ukweli.

---

msaidizi_njoro

Dada, hebu niulize kuhusu miguu ya mtoto. Hivyo vipele viko sehemu gani hasa? Ni mpaka mapajani na mikononi, ama ni chini ya goti tu kuzunguka kifundo?

---

mama_kitinda_ksm

Chini ya goti. Vingi viko pale soksi inaishia, viwili viwili, vitatu vitatu vimejipanga. Kwa nini unauliza?

---

msaidizi_njoro

Kwa sababu hao si mbu. Mbu anakuja akiruka hewani, anauma popote ngozi iko wazi, mkono, shingo, uso. Kitu kinachouma kifundo cha mguu pekee na kupanga vipele mstari mara nyingi kinatoka sakafuni na kinaruka kwa miguu yake, na hiyo ndiyo urefu anaofikia. Ni viroboto. Wako kwa nyumba yako.

Nijitambulishe, mimi si daktari, ni msaidizi wa afya ya mifugo huku Njoro, nimekuwa kazini miaka tisa na paka ninao wangu. Nitaandika marefu kidogo, unisamehe, maana hili jambo la kuambiwa "ni stresi" nimeliona likitesa paka wengi.

Umesema hujaona kiroboto hata mmoja. Paka anayejilamba hivyo huwezi kumwona naye kiroboto kwa sababu anawala. Ulimi wa paka una miiba midogo imeelekea nyuma, ni kama msasa kabisa, ile krr krr unayosikia ndiyo hiyo, na ukiburuta huo ulimi kwa manyoya siku nzima unaokota kila kitu, unameza kiroboto, unameza nywele zako, na nywele zingine zinakatika zikibaki visiki. Kwa hivyo ushahidi wote uko tumboni. Ndiyo maana paka mchafu mwenye viroboto wengi anaweza kuwa na manyoya yote, na paka msafi asiyeonekana na kitu akawa kipara.

Halafu kuna jambo la mzio. Kuna paka wakiumwa na viroboto hamsini hawajali sana. Kuna wengine mate ya kiroboto kwao ni sumu ya muwasho, kuumwa mara moja ama mbili kunamwasha siku nyingi hata kiroboto mwenyewe alishakufa. Na mahali wanapoonyesha ni hapo hapo ulipotaja, mgongoni juu ya mkia, tumbo, ndani ya mapaja. Kule kushtuka usingizini, hiyo nikiisikia huwa sifikirii stresi kwanza.

Ile sindano nayo inawezekana ilikuwa ya kutuliza muwasho, jamii ya steroidi. Inazima kengele lakini mwizi bado yuko ndani. Ikiisha mwilini kila kitu kinarudi, ndiyo zile siku zako kumi na mbili. Usikubali adungwe tena na tena bila mtu kutafuta chanzo, zikizidi zinaweza kumletea paka kisukari. Lakini pia jiulize, kama ni huzuni ya kuhama mbona sindano ya muwasho ilimtuliza?

Kuna utafiti wa madaktari wa ngozi ulitoka 2006, walichukua paka 21 ambao walikuwa wamepelekwa wakisemekana wanajilamba kwa sababu ya akili tu. Wakawapima mmoja mmoja kwa mpangilio. 16 kati yao walikuwa na ugonjwa wa mwili unaowasha, mzio wa chakula, wa hewa, wadudu. Wawili tu ndio ilikuwa ni akili peke yake, na watatu walikuwa na vyote. Wawili kati ya ishirini na moja, dada. Sisemi stresi haipo, ipo, lakini inafaa kuwa ya mwisho baada ya kuondoa zingine, si ya kwanza kwa sababu umetaja umehama.

Sasa fanya hivi usiku huu. Chukua kichana cha chawa, kile chenye meno yamekaribiana, mchane mgongo karibu na mkia taratibu mpaka chini kwa ngozi. Kile kitatoka kiweke juu ya tishu nyeupe uliyolowesha maji. Vichembe vyeusi kama pilipili manga ya kusaga subiri dakika mbili. Kama ni vumbi vitabaki vyeusi. Vikianza kutoa rangi ya kutu, nyekundu nyekundu, hiyo ni damu ya Nyota mwenyewe imepitia tumboni mwa kiroboto.

Na uulize keateka, mwangalizi wa nyumba, nani alikaa hiyo nyumba kabla yenu.

---

nyau_wa_section58

Msaidizi amesema kweli lakini niongeze, isije ikawa mtu mwingine akisoma hii adhani kila kipara ni viroboto. Wangu haikuwa. Niko hapa Nakuru mjini, paka dume, tumeweka dawa ya viroboto miezi mitatu mfululizo na bado analamba tumbo na miguu ya mbele, na alikuwa anajikuna shingo na uso hadi damu. Mwisho daktari akasema tujaribu chakula. Aleji ya chakula kwa paka si kitu kipya ulichomletea jana, mara nyingi ni kile amekula miaka yote, ng'ombe, kuku, samaki. Mimi nilikuwa nabishana naye, mbona amekula kuku tangu akiwa mdogo, akanijibu ndiyo maana.

Tulimpa sungura pekee wiki nane. Hapa sungura si shida, jirani anafuga. Lakini ni pekee maana yake pekee, si sungura na kipande cha samosa, si maziwa, si mtoto kumrushia mfupa wa kuku chini ya meza, na hapo ndipo tulianguka mara mbili tukaanza upya kuhesabu, mamangu alikuja kutembea akamwonea huruma akampa maziwa na sikuwa na moyo wa kumkasirikia. Wiki ya sita nikaona muwasho umeisha. Tukamrudishia kuku siku nne akaanza tena usoni, basi tukajua. Sungura mtupu si chakula cha maisha lakini, unakosa taurini, kirutubisho paka anachohitaji, na vitu vingine, daktari alitupangia cha kudumu baada ya hapo.

Ila anza na viroboto mama, ndiyo rahisi, na hii ya chakula haisomeki vizuri kama viroboto bado wako.

---

shiundu_kk

Na mtu anayesoma hii akiwa na paka DUME anayelamba chini ya tumbo, kule nyuma, tafadhali angalia anavyokojoa. Niko Kakamega. Wangu alikuwa analamba hapo tu, nikasema ni tabia, ngozi ikawa wazi kama shilingi. Kumbe kibofu kinamwuma. Paka akiumwa mahali analamba mahali hapo hata kama maumivu yako ndani, hata goti la yabisi analamba juu ya goti. Siku ya tatu akawa anaingia kwa beseni la mchanga anachuchumaa hakuna kitu, anatoka, anaingia, analia. Tulifika kwa daktari akiwa amelegea, alikuwa ameziba kabisa, akawekewa mrija. Daktari akaniambia dume akiziba ni suala la masaa, siku moja au mbili sumu inajaa mwilini anakufa. Alipona lakini nilikuwa nimekaribia kungoja Jumatatu.

Nyota ni jike na njia yao ni pana zaidi, lakini mwangalie mkojo pia.

---

mama_kitinda_ksm

Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Nilimchana jana usiku na kichana cha mtoto. Vichembe vilitoka vingi kuliko nilivyodhani, nikaweka kwa tishu, na nikaona kwa macho yangu vinageuka rangi ya kutu, tishu yote ikawa na madoa. Nilikaa hapo chini nikalia kidogo, maana miezi miwili paka anateseka na mimi nikimwambia "Nyota acha", nikimsukuma mkono usiku anyamaze tulale.

Keateka nimemuuliza leo asubuhi. Anasema waliokuwa hapo walikuwa na mbwa wawili, walilala sebuleni, na nyumba ikakaa tupu karibu miezi miwili kabla tuje. Sasa nashangaa, miezi miwili bila mnyama wala mtu, viroboto walikuwa wanakula nini?

Na kitu kingine naogopa hata kuandika, kwa blanketi yake nimepata vitu vyeupe kama punje za mchele, zingine zimekauka, moja ilikuwa inasonga.

---

msaidizi_njoro

Usijilaumu, ulimpeleka kwa mtu ukaambiwa ni stresi, ulifanya ulichoambiwa.

Hizo punje za mchele ni vipande vya tegu, minyoo bapa. Funza wa kiroboto, yaani mtoto wake anayetoka kwenye yai, anameza yai la tegu sakafuni, anakua nalo ndani, paka anameza kiroboto akijilamba, tegu anafungukia tumboni. Kwa hiyo hata bila tishu hiyo blanketi ilikuwa inakuambia. Dawa yake ni prazikwanteli, tembe, kwa uzito wa paka, inamaliza haraka. Lakini asipoacha kumeza viroboto atapata tena. Mtoto naye mnawishe mikono, akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata, ingawa si jambo la kawaida na linatibika.

Swali lako la walikuwa wanakula nini ni zuri sana na ndilo watu wengi hawaelewi. Kiroboto unayemwona kwa mnyama ni sehemu ndogo tu, kama 5 kwa mia ya walioko. Hao 95 wengine wako kwa nyumba, ni mayai, funza na bundo, yaani wale waliojifungia kwenye vifuko. Jike akishakunywa damu anaanza kutaga ndani ya siku moja ama mbili, anaweza kutaga mayai 40 kwa siku na zaidi, na mayai hayashikilii manyoya, yanamwagika popote mnyama analala. Funza anatoka, hapendi mwanga, anaingia nyufa za sakafu na chini ya kapeti, anakula kile kinyesi cha damu kilichodondoka. Kisha anajifungia ndani ya kifuko kinachonata vumbi na hapo ndipo shida ilipo, ndani ya kifuko anaweza kungoja miezi kadhaa bila kula kitu. Anangoja dalili ya mtu: joto, mtikisiko wa sakafu, hewa tunayopumua. Nyinyi mkaingia na viti na watoto wanakimbia, wote wakaamka wana njaa.

Kwa hivyo ni kweli ni kuhama, lakini si huzuni ya kuhama. Na Kisumu na joto lenu na unyevu wa ziwa, viroboto hawana msimu wa kupumzika.

Kazi iko mara mbili, paka na nyumba, na ukifanya moja bila nyingine utasema dawa ni feki.

Paka: tafuta dawa ya kudondosha shingoni iliyoandikwa ya PAKA, iwe na picha ya paka na uzito umeandikwa, yenye fipronil au selamectin. Usigawanye ya mbwa mkubwa. Tenga manyoya nyuma ya shingo, karibu na mabega, uone ngozi, dondosha hapo asipofika kwa ulimi, usimwoshe siku mbili kabla na baada. Kila mwezi, miezi mitatu isiyopungua. Kama hapo kwenu hakuna, daktari aliyesajiliwa anaweza kuagiza, usikubali kupewa mbadala wa kuchanganya kwa chupa ya soda, ndugu Wekesa ameshasema kwa nini. Kale kamstari kekundu kwa paja daktari akaone kama kameingia bakteria. Na sindano au tembe ya muwasho kwa muda mfupi sasa inaweza kuwa na maana, maana chanzo kinashughulikiwa, mwache daktari aamue. Usimpe dawa ya binadamu, hasa panado, tembe moja inatosha kuua paka.

Nyumba: kila kitambaa anacholalia maji moto kabisa na jua kali, kila wiki. Kapeti toa nje, ikung'utwe, ianikwe. Viti visogezwe, fagia nyufa na pembe na chini ya kitanda kila siku wiki za kwanza, takataka usiache kwa pipa ndani, choma au funga kwa karatasi la nailoni itoke siku hiyo. Kusogeza sogeza vitu na kufagia kunawaamsha kutoka kwa vifuko, hiyo ni nzuri, wanatoka wanaruka kwa paka mwenye dawa wanakufa. Ukitaka kupulizia dawa nyumba, Nyota na watoto watoke mpaka kila kitu kikauke kabisa na madirisha yamefunguliwa.

Na usishtuke ukiona viroboto zaidi wiki ya pili na ya tatu. Ni wale wa vifukoni wanaisha kutoka.

---

odhis_nyalenda

Nimesoma yote na niseme kitu kwa upande wa akoth pale juu, maana isionekane stresi ni uongo. Mimi wangu ilikuwa stresi kweli, lakini ilichukua miezi minne kujua maana kwanza tulipima ngozi, tukachunguza nywele kama ni yale mashilingi, ukungu wa ngozi unaoambukiza watoto, dawa ya viroboto, chakula, zote hapana. Daktari akaniuliza analamba saa ngapi. Sikuwa nimewahi kuangalia. Nikaanza kuandika kwa kalenda, na kumbe ni saa moja jioni na alfajiri, amekaa kwa dirisha la jikoni. Dume la jirani lilikuwa linapita ukutani hapo nje na kunyunyiza mkojo, wangu anamwangalia amekaza mwili, halafu anashuka anaanza kulamba mguu wa mbele kama mtu anayeuma kucha.

Nilibandika karatasi kwa kioo nusu ya chini, nikaosha ukuta, nikamwekea rafu juu ya kabati alale huko, na jioni kabla ya ile saa nacheza naye na kamba na manyoya ya kuku dakika kumi halafu nampa chakula. Sikumpigia kelele akilamba, daktari alinikataza, unamwongezea hofu. Ilipungua polepole sana, manyoya yalirudi baada ya kama miezi mitatu.

Ila ningeanza na rafu na kamba wakati kuna viroboto ningepoteza bure.

---

mama_kitinda_ksm

Wiki ya saba leo. Najua mtu akipata msaada huwa anapotea, sitaki kuwa hivyo.

Daktari tulimpata mwingine mjini, huyu alimpekua kutoka masikio hadi vidole, akaangalia nywele na kitu cha kukuza akanionyesha zilivyokatika ncha, akasema hazijadondoka, zimelambwa. Dawa ya paka ikaagizwa ikafika baada ya siku nne. Kwa tegu Nyota alipewa tembe mbili, ya pili baada ya muda, punje hazijaonekana tena. Paja akapewa antibayotiki maana lilikuwa limeanza.

Wiki ya tatu nilikata tamaa, msaidizi ulikuwa umeniambia lakini kusikia na kuona ni tofauti, viroboto walikuwa wanaruka kwa soksi nyeupe za mtoto mchana kweupe. Nilikaribia kwenda kununua ile ya kupe. Nilirudi hapa nikasoma tena ile ya ndugu Wekesa nikakaa chini. Mzee mwenyewe alichukua jembe la kuchimbia tukatoa ile kapeti ya zamani tuliyoikuta imegandishwa sebuleni, landilodi alikubali, na chini yake, jamani, vumbi lililokuwa huko. Tukafagia, tukapiga maji moto, tukaziba nyufa na simiti. Tangu hapo viroboto walianza kupungua kila siku unaona.

Sasa huu ni usiku wa tisa sijasikia krr krr. Anaoga kama paka, anaoga anamaliza analala. Tumbo limeota nywele fupi laini kama za kifaranga, kitinda mimba anapenda kuzipapasa na vidole viwili, na miguu yake mwenyewe imepona imebaki madoa tu.

Swali langu la mwisho: kwa wiki mbili sijaona kiroboto, tishu inabaki nyeupe. Dozi ya tatu bado wiki moja. Ni lazima, ama nihifadhi hiyo chupa?

---

msaidizi_njoro

Mpe. Walikaa miezi miwili wakingoja mtu aingie hiyo nyumba, wiki mbili kwao si kitu. Dondosha siku ile ile uliyopanga, na uendelee kufagia chini ya kitanda.

---

mama_kitinda_ksm

Sawa. Ni Alhamisi, nimeandika kwa kalenda.